Fataki za Julai 4 Marekani: jinsi ya kujua kama unaruhusiwa, kabla hujalipa hata dola moja

Mwaka wangu wa pili hapa Columbus, Ohio, jirani yetu mmoja, baba wa watoto wanne, alirudi nyumbani tarehe 3 Julai, siku moja kabla ya sikukuu ya uhuru wa Marekani, na boksi la fataki la zaidi ya dola 200. Alilinunua dukani, akaonyesha kitambulisho, akapewa risiti. Kesho yake usiku, boksi halijafika hata nusu, polisi wakabisha hodi. "Nimenunua kihalali," akawaambia, risiti mkononi. Alisema kweli tupu. Ila wao hawakuja kumuuliza amenunua wapi. Walikuja kumuuliza kwa nini anapigia pale.

Tangu siku hiyo nimewaeleza watu wengi jambo hili, msikitini, kanisani, kwenye vikao vya harusi, na bado kila mwaka kuna anayeumia mfukoni au mkononi. Nyumbani, Dar es Salaam au Mombasa, wengi wetu tumezoea fashifashi za mwaka mpya zinazopigwa na hoteli kubwa au waandaaji wenye kibali, sisi tunatazama tu. Marekani mambo ni tofauti: fataki zinauzwa kwenye mahema kando ya barabara kama matikiti maji. Mtu akiziona wazi namna ile anaamini kila kitu ni ruksa. Si hivyo. Ruhusa ya kuuza na ruhusa ya kupiga zinatolewa na watu wawili tofauti, na huyu wa pili mara nyingi hujamsikia.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Ukikwama kwenye yoyote, usinunue.

Hatua ya 1: Anza na anwani yako, duka baadaye

Jina la mji lililoandikwa kwenye bahasha zako halitoshi. Ni la posta tu. Texas kuna maelfu ya nyumba ambazo barua zake zinaandikwa Houston, kumbe ziko nje ya mipaka ya jiji, kwenye eneo la Harris County lisilo chini ya jiji lolote. Jiji la Houston linakataza fataki ndani ya mipaka yake. Hatua chache nje ya mpaka huo zinauzwa na kupigwa msimu ukifika. Columbus ni kinyume chake: Whitehall na Bexley zimezungukwa na Columbus, lakini kila moja ni mji unaojitegemea, una meya wake, polisi wake na sheria ndogo zake.

Kama nyumba ni yako, chukua karatasi ya kodi ya nyumba uone unalipa kodi kwa jiji gani, au kama hulipi kwa jiji lolote. Kama umepanga, ingiza anwani yako kwenye tovuti ya kaunti inayohifadhi kumbukumbu za viwanja. Hapa kwetu ni ofisi ya mkaguzi wa Franklin County, na huduma ni bure. Ukishindwa, piga simu kituo cha zimamoto kwa namba yao ya kawaida (usitumie 911, namba ya dharura, kwa maswali) uwaulize: "Anwani hii iko ndani ya mipaka ya jiji gani, na fataki zinaruhusiwa?" Wanajibu vizuri, na ukiomba mkalimani wa Kiswahili sehemu nyingi anapatikana kwa simu.

Andika mambo manne kwenye karatasi: jimbo, kaunti, jiji, na namba ya kawaida ya zimamoto.

Hatua ya 2: Jua unachotaka kupiga ni cha kundi gani

Neno fataki kwa Kiswahili linabeba kila kitu. Sheria za Marekani zinaligawa.

Kundi jepesi ni zile zisizoruka wala kulipuka: vijiti vya cheche wanavyoshika watoto, chemchemi zinazomwaga cheche zikiwa chini, nyoka weusi wanaojikunja, mabomu ya moshi. Kundi la pili ndilo watu wanalolipenda: roketi zenye kijiti, misururu ya baruti inayopasuka papapapa, mizinga ya kutumbukiza makombora, na maboksi yenye mirija mingi wanayoyaita keki. Yote mawili serikali kuu inayaita fataki za walaji. Zina alama 1.4G kwenye katoni, na Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji, CPSC, imeziwekea vipimo: kwa mfano baruti moja ya kupasuka chini isizidi miligramu 50 za unga, na utambi uwake si chini ya sekunde 3 wala zaidi ya 9, upate muda wa kusogea.

Kundi la tatu ni za maonyesho, 1.3G, zile kubwa za uwanjani. Hizo zinahitaji leseni au kibali cha shirika la serikali kuu liitwalo ATF. Ukipewa kwa bei ya kirafiki, kataa.

Kuna na la nne, ambalo halina jimbo linaloliruhusu: M-80, "cherry bomb", "quarter stick". Yalipigwa marufuku kwa walaji nchi nzima mwaka 1966. M-80 ina takriban gramu 3 za unga, yaani mara 60 ya kipimo cha halali. Ndizo zinazokata vidole. Zinauzwa nyuma ya gari, zimefungwa karatasi ya kahawia, hazina jina la kampuni wala maelekezo. Ukiona kitu cha hivyo, wala usikiguse ili ukikague.

Hatua ya 3: Soma sheria ya jimbo lako

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, maana majimbo yanapishana mno.

Massachusetts imefunga mlango kabisa. Hakuna fataki ya mlaji inayoruhusiwa, hata kijiti cha cheche cha mtoto, hata kama uliinunua kihalali New Hampshire. Faini ya kukutwa nazo si kubwa, dola 10 hadi 100, lakini zote unanyang'anywa; anayeuza anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja.

Illinois na Vermont zinaruhusu vijiti vya cheche na vitu vidogo vya namna hiyo. Zaidi ya hapo ni kibali. Minnesota, ambako ndugu zetu wengi wanaishi Minneapolis na St. Paul, tangu 2002 inaruhusu zisizoruka wala kulipuka, kwa mtu wa miaka 18 kwenda juu, na si kwenye bustani, barabara wala mali yoyote ya umma. Oregon imepima kwa rula: marufuku kitu chochote kinacholipuka, kinachoruka zaidi ya inchi 12, au kinachotambaa zaidi ya futi 6. New York inaruhusu za cheche za kukaa chini kwenye kaunti zilizokubali, kwa misimu ya Juni 1 hadi Julai 5 na Desemba 26 hadi Januari 2, ila New York City yenyewe hairuhusu chochote. California inauza zile tu zenye muhuri wa "Safe and Sane" wa Mkuu wa Zimamoto wa jimbo, kuanzia saa 6 mchana Juni 28 hadi saa 6 mchana Julai 6, na kwenye miji iliyokubali tu. Los Angeles haikukubali, San Francisco vilevile. Ukikutwa na zisizo na muhuri huo huko, faini inaweza kufika dola 50,000.

Sasa majimbo yanayoruhusu zinazoruka. Haya ndiyo yanayowaponza watu, kwa sababu neno "halali" linasikika halafu masharti hayasikiki.

Ohio ilibadilisha sheria kuanzia Julai 1, 2022. Kabla ya hapo ulinunua kwa kusaini fomu kwamba utazitoa nje ya jimbo ndani ya saa 48. Sasa unaruhusiwa kupiga, lakini kwa siku zilizotajwa: mkesha na siku ya mwaka mpya, mwaka mpya wa Kichina, Cinco de Mayo (Mei 5), wikiendi ya Memorial Day (mwisho wa Mei), Juneteenth (Juni 19), Julai 3, 4 na 5 pamoja na Ijumaa, Jumamosi na Jumapili zinazotangulia na kufuata, wikiendi ya Labor Day (mwanzo wa Septemba), na Diwali, sikukuu ya Wahindu. Angalia vizuri orodha hiyo. Idi haimo. Harusi haimo. Nimeombwa ushauri mara tatu na watu waliotaka kumpokea bibi harusi kwa fataki mwezi Agosti. Jibu ni kwamba unahitaji mtaalamu mwenye leseni na kibali cha maonyesho, na mipango hiyo huanza mapema sana.

Pennsylvania, baada ya mabadiliko ya 2017 na 2022, inaruhusu kwa mtu wa miaka 18, lakini umbali uwe angalau futi 150 kutoka jengo au gari lolote, liwe lako au la mtu mwingine. Futi 150 ni kama mita 46. Toka nje upime. Nyumba nyingi za Philadelphia, Harrisburg au Erie hazina uwanja wa kutimiza sharti hilo, kwa hiyo hata bila marufuku ya jiji huwezi. Pia saa 4 usiku hadi saa 4 asubuhi ni marufuku, isipokuwa Julai 2 hadi 4 na Desemba 31, ambapo unaongezewa hadi saa 7 usiku. Kentucky imeenda mbali zaidi: futi 200 kutoka jengo, gari au mtu mwingine. Wakongomani wa Louisville, pimeni hiyo kwanza.

Indiana inaruhusu kuanzia miaka 18, na imezuia miji isikataze kabisa siku za katikati ya msimu. Julai 4 ni saa 4 asubuhi hadi saa 6 usiku. Texas inauza Juni 24 hadi usiku wa Julai 4 na Desemba 20 hadi usiku wa Januari 1, mnunuzi wa miaka 16. Ni kosa kuwasha ndani ya futi 600 kutoka kanisa, hospitali, shule au kituo cha kulelea watoto, au kurusha kutoka ndani ya gari. Florida tangu 2020 inaruhusu siku tatu: Julai 4, Desemba 31 na Januari 1. Iowa ilifungua 2017, na Maine 2012 kwa watu wa miaka 21.

Hatua ya 4: Sasa sheria ya jiji, ndiyo yenye neno la mwisho

Majimbo mengi yanayoruhusu yameziachia manispaa kukataa. Na miji mikubwa imekataa. Columbus imekataa, ndiko jirani yangu alikoangukia. Cincinnati na Cleveland vilevile. Portland ya Maine imekataza, Portland ya Oregon imekataza tangu 2022. Seattle, Nashville, Dallas, hivyo hivyo. Nikiwatazama watu wetu kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania wanavyokaa, karibu wote wako mijini. Maana yake ni kwamba kwa wengi wanaosoma hapa jibu la zinazoruka ni hapana, na duka lililo umbali wa dakika 20 halitakwambia.

Tafuta kwenye tovuti ya jiji neno "fireworks" pamoja na jina la jiji, soma ukurasa wa zimamoto au wa jiji lenyewe, tena wa mwaka huu. Usitegemee video wala maneno ya muuzaji. Sheria hizi zinabadilishwa mara kwa mara, na ulichokuwa unaruhusiwa mwaka juzi kinaweza kuwa kosa Julai hii.

Hatua ya 5: Mwenye ardhi

Ukiwa umepanga, soma mkataba wa pango. Ghorofa nyingi zinakataza moto wowote nje, na kosa hilo linaweza kukufukuzisha nyumba hata kama polisi hawajaja. Kwenye mitaa yenye chama cha wamiliki wa nyumba, uliza chama. Uwanja wa shule, maegesho ya duka, bustani ya jiji: chukulia ni hapana. Misitu ya taifa na hifadhi za taifa ni hapana ya serikali kuu, jimbo lolote liwalo.

Hatua ya 6: Hali ya hewa ya siku hiyo

Kaunti zinaweza kutangaza marufuku ya moto wakati wa ukame, na tangazo hilo linakuja siku chache kabla. Texas mahakama ya makamishna wa kaunti (ndilo baraza linaloongoza kaunti) inaweza kukataza roketi zenye vijiti na zile zenye mabawa. Angalia tena tarehe 3 na tarehe 4 asubuhi.

Septemba 2, 2017, kijana wa miaka 15 alitupa fataki, bomu la moshi, kwenye bonde la Eagle Creek, Oregon. Ziliungua ekari zaidi ya 48,000. Mwaka uliofuata hakimu akamwamuru alipe fidia ya zaidi ya dola milioni 36. Mtoto wa miaka 15. Mzazi anayesoma, bomu la moshi la dola 2 lipo kwenye kundi lile nililoliita jepesi.

Hatua ya 7: Kununua na kusafirisha

Ukiwa umepita hatua zote sita, nenda na kitambulisho chenye picha. Nunua kwenye duka au hema lenye leseni imebandikwa, angalia kila boksi lina maelekezo kwa Kiingereza, jina la kampuni na onyo. Chukua unazoweza kumaliza usiku mmoja. Kuhifadhi fataki ndani ya nyumba ya watoto ni hatari ambayo hupaswi kuikaribisha.

Usivuke mpaka wa jimbo nazo kabla hujajua sheria ya upande wa pili. Wa Minnesota wananunua Wisconsin, wa Massachusetts wananunua New Hampshire, wa Illinois wanashuka Indiana, na kosa linazaliwa pale gari linapovuka. Sheria ya serikali kuu nayo inasema anayepeleka fataki kwenye jimbo huku akijua zitatumika kinyume cha sheria za huko anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja. Kwenye ndege haziruhusiwi kabisa, si begi la mkononi si mzigo wa chini. Posta pia hapana. Ziweke kwenye buti, mbali na jua, na asivute mtu sigara ndani ya gari.

Hatua ya 8: Kuwasha

Mtu mzima mmoja ndiye awashe, asiye na pombe kichwani, mwenye miwani ya kulinda macho. Sehemu iwe tambarare, si nyasi kavu. Ndoo ya maji na mpira wa maji uliofunguliwa viwe pembeni kabla hujatoa kiberiti. Washa moja moja, kisha rudi nyuma. Kichwa chako kisiwe juu ya mzinga hata sekunde moja. Kombora liingie upande wa bapa chini, moja kwa kila mzinga. Iliyogoma usiiwashe tena: subiri dakika 20 ndipo uimwagie maji.

Vijiti vya cheche vinaungua kwa joto la takriban nyuzi 1,100 za Selsiasi, kiasi cha kuyeyusha baadhi ya madini. Mtoto mdogo asikishike, na nguo za kitenge zinazopepea, mitandio na magauni ya sherehe yakae mbali. CPSC ilikadiria majeruhi 9,700 wa fataki nchini mwaka 2023, na vifo 8. Jicho likiumia usilisugue, usilioshe, usilipake dawa. Likinge bila kulibana uende hospitali. Kidonda cha moto kiweke chini ya maji baridi yanayotiririka.

Kabla ya yote hayo, gonga milango ya majirani. Kati yetu wapo waliokimbia mabomu Kivu, Bujumbura na Mogadishu. Namfahamu mama mmoja ambaye kila Julai 4 anakaa bafuni na wanawe mpaka kelele ziishe. Ukimwambia mapema ni saa ngapi mtaanza na saa ngapi mtamaliza, anaweza kwenda kwa ndugu yake usiku huo.

Hatua ya 9: Polisi wakija

Zima, toa mikono mifukoni, jibu kwa heshima, usibishane juu ya risiti. Ukipewa karatasi ya faini, usiitupe; ina tarehe ya mahakama au ya kulipia, na kuipuuza kunaweza kuleta hati ya kukamatwa. Kwa sisi wenye green card kuna jambo zaidi: fomu N-400 ya kuomba uraia inauliza kama umewahi kukamatwa au kupewa hati ya kosa na chombo chochote cha sheria. Hilo la fataki utalitaja, na utahitaji karatasi zinazoonyesha lilivyoisha. Zihifadhi na zungumza na wakili wa uhamiaji kabla hujakubali kosa lolote linaloweza kuwa na kifungo. Jirani yangu alilipa, akatunza karatasi, akazipeleka kwenye mahojiano.

Hatua ya 10: Asubuhi ya tarehe 5

Mabaki yote yalale kwenye ndoo ya maji usiku kucha, kisha yafungwe kwenye plastiki ndipo yaingie pipani. Pipa lililojazwa mabaki makavu linaweza kuwaka saa nane za usiku, likiegemea ukuta wa nyumba. Kisha, kukipambazuka, tembea uwanja mzima na kipande cha barabara mbele ya nyumba, ukitazama chini ya magari na kwenye nyasi, kabla watoto hawajaamka. Ukikuta iliyogoma nzima nzima, wazuie watu wasikaribie na upige simu zimamoto kwa ile namba ya kawaida uliyoiandika kwenye karatasi ya hatua ya kwanza.